Alama 34 na Debe Lenye Tundu

Matokeo ya muhula wa kwanza yalipobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara, nilitafuta namba yangu ya usajili mara tatu kabla ya kukubali kwamba ile 34 iliyoandikwa mbele yake ilikuwa yangu. Alama ya kufaulu ilikuwa 40. Somo lenyewe lilikuwa hisabati ya mwaka wa kwanza kwa wanafunzi wa uhandisi, na nililiingia nikijihesabu miongoni mwa vipanga, kwa kuwa nilitoka kidato cha sita, tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), nikiwa na ufaulu ambao ukoo mzima ulikuwa umeshatangaziwa. Kwa lugha ya wanafunzi nilikuwa nimeshikwa sapu, yaani nilitakiwa kurudi chuoni wakati wenzangu wako likizo ndefu ili nifanye mtihani wa marudio, na kuanguka tena kungenisogeza karibu na kile tulichokiita disko, yaani kuondolewa chuoni, ambayo haina muziki wowote.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa mvivu. Nilihudhuria mihadhara, nilikusanya madesa, yaani notisi na majibu ya wenzangu, ya kila aliyekubali kunipa, na nilikesha nikifanya mitihani ya miaka iliyopita mpaka nikaweza kubashiri swali la nne litakuwa la aina gani. Nilikuwa na daftari la kanuni ambalo kila ukurasa wake ulisema jambo moja: ukiona umbo hili, fanya hivi. Nilijua kutafuta derivativu ya karibu kila kitu, nilijua njia tano za integrali, na milinganyo ya difrensha, ile ambayo ndani yake kuna kasi ya mabadiliko ya kitu, niliipanga katika makundi kama anayepanga viatu dukani. Mwaka ule mhadhiri hakuandika "tatua mlinganyo ufuatao". Aliandika aya nzima kuhusu tangi la maji ya chumvi ambalo maji safi yanaingia upande mmoja na mchanganyiko unatoka upande mwingine, kisha akauliza chumvi itakuwa kiasi gani baada ya nusu saa. Mlinganyo wa kutatua haukuwepo. Ulitakiwa kuuunda mwenyewe. Nikiutazama leo naona ni mlinganyo mwepesi kuliko yote niliyokuwa nimeikariri, lakini siku ile nilikaa nao dakika 40 nikasalimu amri.

Mwezi wa mtihani wa marudio chuo kilikuwa kimya, na vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, ambavyo kwa kawaida unavigombania tangu alfajiri vilikuwa vitupu. Hapo ndipo aliponikuta dada mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuwa amebaki kwa ajili ya mradi wake, akanitazama nikinakili suluhisho la mwaka uliopita kwa mara ya sita au ya saba. Akaniuliza ninafanya nini. Nikamwonyesha mlinganyo.

"Hebu nisomee, mdogo wangu."

Nikamsomea: dii ti kwa dii ti ndogo ni sawa na hasi kei mara ti toa ti sifuri.

"Hizo ni herufi. Nimekuuliza imeandikwa nini hapo."

Sikuwa na jibu. Akavuta karatasi na kuandika kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayeandika barua kwa mzee: "Kasi ya kupoa kwa chai ni sawia na jinsi chai ilivyozidi hewa kwa joto." Kisha akaniambia kwamba kuanzia siku ile nisiguse mlinganyo wowote kabla sijauandikia sentensi yake, na sentensi ikikosa kueleweka kwa mtu asiyesoma hisabati, basi hata mimi sijauelewa. Akaenda zake kwenye mradi wake. Kwa kweli nilimwona mwenye dharau kidogo.

Lakini maneno yake yaligusa mahali ambapo sikuwahi kupachunguza. Shule ya msingi nilifundishwa hesabu kwa Kiswahili, na hadi leo kujumlisha ninajumlisha kwa Kiswahili. Nilipoingia kidato cha kwanza lugha ikabadilika, na kila dhana iliyokuja baada ya hapo ilikuja ikiwa na jina lisilo na jamaa kichwani mwangu. Jina la namna hiyo unaweza kulitumia miaka sita bila kujua ni la nini, kwa sababu mtihani hauulizi maana yake, unauliza hatua zake. Nilipolazimika kuandika sentensi, nililazimika pia kutafuta maneno, na kutafuta maneno ndiko kulikonifundisha. Derivativu niliiita mteremko pale ilipohusu mchoro, na kasi pale ilipohusu muda. Integrali ilinisumbua siku mbili, nikaijaribu "eneo" nikaona haitoshi, kwa sababu umbali uliosafiriwa si eneo la kitu chochote kinachoonekana. Mwishowe nikaandika "limbikizo", vipande vidogo vidogo vinavyowekwa pamoja mpaka viwe kitu kizima. Kuanzia hapo sikusahau tena kwa nini mteremko na limbikizo hutenguana, kwa maana ukijua kasi ya mtu anavyoweka akiba kila siku unajua akiba yake, na ukijua akiba yake siku hadi siku unajua kasi yake.

Sentensi ya chai niliijaribu kwa chai. Nilimwomba fundi sanifu wa maabara kipimajoto, nikamimina chai kwenye kikombe cha bati, na kwa kuwa chumba changu bila feni kilikuwa na nyuzijoto 30, nikaanza kuandika kila baada ya dakika 10: 90, 76, 64, 56. Ukizitazama namba hizo hivi hivi hazisemi kitu. Ukitoa 30 ya hewa kutoka kila moja unapata 60, 46, 34, 26, na hapo unaona kwamba kila dakika 10 ziada ya joto inabaki karibu robo tatu ya ilivyokuwa. Ile namba ya Euler, 2.718 na kuendelea, ambayo niliiandika tangu kidato cha tano kama mtu anayetaja jina la mganga, ilikuwa inasema hilo tu: kitu kinachopungua kwa kiasi sawia na kilichobaki hupoteza sehemu ileile katika muda uleule. Hesabu ya dawa mwilini na hesabu ya chaji kwenye kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, ni sentensi hiyohiyo ikiwa na nomino tofauti.

Na kwa Mtanzania huwezi kuzungumzia kupoa bila kumkumbuka Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto aliona maziwa yake ya moto ya kutengenezea aiskrimu yakiganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa, akachekwa alipouliza sababu, kisha mwaka 1969 akachapisha jambo hilo pamoja na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Niliijua habari hiyo tangu sekondari kama fahari ya taifa. Nilipokuwa na sentensi yangu mkononi niliona kwa mara ya kwanza kwa nini ilikuwa habari. Kama kasi ya kupoa inategemea joto peke yake, basi maji ya moto lazima siku moja yafikie joto ambalo maji ya vuguvugu yalianzia, na kuanzia hapo yafuate njia ileile yakiwa nyuma. Mistari miwili ya kupoa haiwezi kukatana kamwe. Kwa hiyo mtu anayesema imekatana hasemi kwamba hesabu ina kosa, anasema kwamba kuna jambo jingine zaidi ya joto ambalo mlinganyo haukulitaja, pengine mvuke uliopotea, pengine mzunguko wa maji ndani ya chombo, na wanasayansi wanabishana kuhusu hilo hadi leo. Mlinganyo uliosomwa vizuri unakuonyesha hata kile usichokitaja. Hilo halikuwa kwenye desa lolote.

Jaribio lililonikaa zaidi, hata hivyo, ni la debe. Tulikuwa wanne wa sapu, na mmoja wetu alikuwa na debe la mafuta la zamani, lile la mraba, ambalo ndani lina upana wa sentimita 24 kila upande. Tulilitoboa kwenye kitako kwa keekee yenye ncha ya milimita 6, tukaziba tundu kwa kidole, tukajaza maji kimo cha sentimita 32, kisha tukakubaliana kwamba kila mmoja atabashiri maji yatachukua muda gani kuisha kabla ya mtu yeyote kuondoa kidole.

Kanuni ya Torricelli, Mwitaliano wa karne ya 17, inasema kwamba maji yanatoka kwenye tundu kwa kasi ambayo yangekuwa nayo kama yangeanguka kutoka usawa wa juu wa maji hadi kwenye tundu, yaani kipeuo cha pili cha mara mbili ya mvutano wa dunia mara kimo. Kwa sentimita 32 inatoka mita 2.5 kwa sekunde. Mwenzetu mmoja alichukua kasi hiyo, akazidisha kwa eneo la tundu, akagawanya lita 18 na kidogo za maji, akatangaza dakika 4 na sekunde 20. Lilikuwa jibu la kidato cha nne na lilikuwa na kosa ambalo sentensi inalionyesha mara moja: maji yakipungua kimo kinapungua, na kimo kikipungua kasi inapungua. Kasi ya kushuka kwa kimo ni sawia na kipeuo cha pili cha kimo kilichobaki. Ukishaiandika hivyo, kuitatua ni mistari mitatu, na inakuja dakika 8 na sekunde 40, mara mbili kamili ya jibu la kwanza. Nilidhani nimekosea, nikarudia kwa herufi badala ya namba, nikaona kwamba mara mbili hiyo haitegemei ukubwa wa debe wala wa tundu. Daima ni mara mbili. Wale waliokuwa wakinisikia nikishangilia peke yangu kwenye kimbweta walikuwa na haki ya kunishangaa.

Tukaondoa kidole. Dakika ya nane na sekunde 40 ikapita na maji yangalipo. Yalikuja kubaki ya kudondoka tu ilipokaribia dakika ya 14 na nusu.

Ningekuwa yule wa muhula wa kwanza ningesema hisabati ni ya darasani na maji ni ya mtaani. Tulimfuata fundi sanifu wa maabara ya maji, mzee aliyekuwa hana shahada na ambaye wahadhiri wenyewe walimwita mwalimu, akatuambia tuangalie mkondo unapotoka tunduni. Tulipoinama tukaona kwamba maji yanabanana na kuwa membamba kuliko tundu lenyewe mara yanapotoka, kwa sababu yale ya pembeni yanakuja kwa mshazari na hayawezi kukata kona ghafla. Kwa tundu lenye kingo kali, kinachotoka hasa ni karibu asilimia 60 ya kile ambacho Torricelli anakuahidi. Gawanya dakika 8 na sekunde 40 kwa 0.6, unapata dakika 14 na sekunde 27. Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kufurahia namba ya desimali kiasi kile.

Kuna jambo dogo ndani ya debe hilo ambalo nimelitumia kazini mara nyingi kuliko kanuni yenyewe. Nusu ya juu ya maji inatoka kwa asilimia 29 tu ya muda wote. Nusu ya chini inachukua asilimia 71. Mtu anayesubiri tangi lishuke, akiona limefika nusu kwa muda mfupi, hukosea akidhani atamaliza baada ya muda kama huo, na nimeshaona ratiba ya kusafisha matangi ikiharibika kwa dhana hiyo hiyo.

Makosa mengine yalikuwa ya kijinga zaidi na nitayapita haraka. Nilipoteza alama zaidi ya kumi kwenye jaribio moja kwa sababu kikokotoo changu (namaanisha mashine, si kile cha mafao ya wastaafu) kilikuwa kwenye digrii wakati kalkulasi yote ya sini na kosini inadai radiani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini inadai. Sababu ni kwamba pembe ikiwa ndogo sini yake inakaribia kulingana na pembe yenyewe, lakini ikiwa tu pembe imepimwa kwa urefu wa tao. Kwa nyuzi 10, ambazo ni radiani 0.1745, sini ni 0.1736, tofauti ya nusu asilimia tu. Usahihi huo ndio unaoruhusu bembea na nguzo zinazotikisika zihesabiwe kwa milinganyo myepesi. Jambo hili linachukua dakika tano kulieleza, na miaka miwili ya PCM ilipita bila dakika hizo tano kupatikana.

Namba changamano zilisubiri mafunzo kwa vitendo. Nilizifaulu darasani bila kuziamini, kwa sababu kipeuo cha pili cha hasi moja kilionekana kwangu kama mzaha wa Wazungu wenye nafasi. Likizo ya mwaka wa pili nilipelekwa kwenye karakana ya kiwanda kimoja, na siku ya tatu fundi mkuu wa umeme alinikabidhi mita akaniambia nipime kati ya fezi, mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme, na nyutro, waya wa kurudishia. Ikasoma karibu volti 230.

"Sasa kati ya fezi na fezi unategemea ngapi, mwanangu?"

Nikafikiri: ama 460, kwa kujumlisha, ama sifuri, kwa kutoa. Nikajibu 460.

"Pima."

Ikasoma karibu 400. Fundi alijua ni 400 kama anavyojua jina la mwanawe, alikuwa ameijua kwa miaka 30, na hakuhitaji kujua kwa nini. Mimi nilikuwa nimesoma kwa nini na sikuijua 400. Usiku ule nilichora mishale mitatu, mmoja kwa kila fezi, yenye urefu wa 230 inayotoka kwenye nukta moja, ikitengana kwa nyuzi 120, nikaunganisha ncha mbili kwa rula. Mstari ule ni 230 mara kipeuo cha pili cha tatu, yaani 398. Na ile herufi ambayo wahandisi wa umeme huiandika jei ili isichanganywe na alama ya mkondo, ile ya kipeuo cha hasi moja, nikaiona ni amri tu ya kugeuza mshale robo ya duara. Ukigeuza mara mbili mshale unatazama nyuma, na ndiyo hiyo hasi moja. Hapakuwa na mzaha wowote. Kesho yake nilimwonyesha fundi mchoro, akautazama kwa muda, akasema, "Kumbe wanatengana hivi," kisha akaniuliza ikiwa fezi moja imekatika mshale gani naufuta, na hapo tukaanza mazungumzo yaliyonifundisha kuhusu mota zinazoungua kuliko muhula mzima.

Siwezi kudai kwamba sentensi zilitosha kwa kila kitu. Matriksi, yale majedwali ya namba, nilizifanya kwa mkono, nyingi, tena kwa kuchoka, kwa sababu kupunguza mfumo wa milinganyo minne hadi mmoja ni kazi ya mkono kama kusuka ukili, na asiyezoesha vidole atakosea alama ya kutoa kwenye mstari wa tatu hata akielewa vipi. Wapo wanaosikia habari kama hii yangu wakadhani ninapinga mazoezi na mitihani ya zamani. Nilifanya mazoezi zaidi katika ule mwezi wa marudio kuliko muhula wote wa kwanza. Nilichobadilisha ni kwamba baada ya kila jibu nilijiuliza vizio vyake ni vipi, na jibu lingekuwaje kama tundu lingekuwa sifuri au debe lingekuwa kubwa kama ziwa. Jibu linalosema debe lisilo na tundu litaisha maji baada ya nusu saa hujisahihisha lenyewe, bila kuhitaji desa la mtu.

Mtihani wa marudio nilipata C, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa inayoruhusiwa kuandikwa kwa aliyerudia, hivyo sitajua kamwe ningestahili nini. Yule dada sikumwona tena baada ya mahafali yake, na sidhani kama anakumbuka.

Daftari la sentensi ninalo hadi leo. Lina safu mbili, kushoto mlinganyo na kulia Kiswahili chake, na sasa vijana wa mafunzo kwa vitendo wanaokuja kwenye mradi wetu wa maji hulipiga picha kwa simu kabla sijawakatalia; nawakatalia kwa sababu sentensi ya mtu mwingine hukaririwa kama kanuni yoyote. Mstari mmoja huwashangaza. Kushoto nimeandika transfomu ya Laplace, ambayo naitumia vizuri, na jedwali lake nalijua kwa kichwa: inageuza mlinganyo wa difrensha kuwa wa aljebra, unautatua, kisha unarudi. Hayo ni matumizi yake, lakini inasema nini sijaweza kuandika, na nimefuta mara tatu mpaka karatasi imekonda. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeacha shule akiwa na miaka 16, alitatua matatizo ya nyaya za simu za telegrafu kwa mbinu za jamii hiyo mwishoni mwa karne ya 19 huku wanahisabati wakimlaumu kwamba hana uthibitisho, na mahandaki ya nyaya hayakumsubiri aupate. Hilo hunifariji kidogo. Safu ya kulia ya mstari ule bado iko wazi.